Wifi inakataa mu Linux? Angalieni kwanza kiini

Wandugu, mtu anaweka Linux mu ordinatere mupya, wifi inakataa, na memware inangoja kutumwa. Tusiseme haraka ordinatere imeharibika.

Mu Linux, piloti nyingi, ni kusema programu zinazoongoza wifi, disiki ao ekrani, zinakaa ndani ya kiini chenyewe. Kiini cha 2021 mara nyingi hakitambui kifaa cha 2024: piloti yake ilikuwa haijaandikwa. Kiini kipya kinatoka karibu kila wiki 9 ao 10. Kwa mufano, 5.15 ilileta piloti mpya ya kusoma na kuandika disiki za NTFS za Windows.

Andikeni uname -r, muone namba yenu. Unganisheni simu kwa kamba ya USB mupate intaneti, kisha musasishe. Lakini musifute kiini cha zamani: kipya kikikataa, mutachagua kile wakati wa kuwasha.