Afro ya gemu si helmeti: Jinsi ya kupaka mng'ao wa nywele zetu

Umewahi kujitengenezea mhusika wa gemu, ukapata sura na ngozi fiti kabisa, halafu ukafika kwa nywele ukakwama? Afro inang'aa kama helmeti ya bodaboda! Macho yako hayana shida, msomaji. Shida ni vile ilipakwa rangi.

Chukua The Sims 4, gemu iliyotoka 2014. Wachezaji weusi walilalamika sana kwamba ngozi nyeusi humo zinakaa kama zimepakwa majivu, na Desemba 2020 kampuni ya EA ikaongeza rangi za ngozi zaidi ya 100. Kwa nywele, wachezaji wengi wameamua kujisaidia. Wanachonga modeli kwa Blender, wanapaka rangi kwa Krita au GIMP, kisha wanaziingiza kwa gemu kupitia Sims 4 Studio. Zote ni za bure. Digrii pia haihitajiki. Mimi mwenyewe chuo niliachia katikati.

Kwanza elewa hivi: nywele nyingi za gemu hazichongwi unywele mmoja mmoja. Ni vipande bapa kama riboni vilivyopangwa kichwani, halafu picha ya nywele inabandikwa juu. Picha hiyo ndiyo unayopaka.

Usianze na nyeusi ti. Ukijaza giza lote mwanzoni, vivuli utaviweka wapi? Anza na kahawia iliyokolea. Vivuli viwe na tabaka lake na mng'ao lake, ndio ukiboronga ufute moja tu.

Pili, mng'ao si rangi nyeupe. Mwaka 2003, Steve Marschner na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jinsi unywele unavyorudisha mwanga. Kuna mng'ao unaogonga juu na kurudi na rangi ya taa, na mwingine unaopita ndani ya unywele na kutoka na rangi ya nywele zenyewe. Kwa hivyo paka kwanza shaba hafifu, kisha juu yake alama chache za mwangaza wa taa. Ukimwaga nyeupe tupu, kijana wa miaka 20 ataota mvi.

Tatu, na hapa ndipo wengi hupotea: nywele zilizonyooka hulala upande mmoja, kwa hivyo mwanga hujikusanya ukawa mkanda unaozunguka kichwa. Kipilipili kila unywele una njia yake, mwanga unatawanyika. Mkanda huo ukiuhamishia kwa afro, ndio helmeti inazaliwa. Paka nukta ndogo ndogo, nyingi upande wa taa, zikififia ukielekea kivulini. Kwa nywele za kusuka, weka mng'ao mdogo pale kila pindo limevimba, na giza pale yanapokutana. Rasta zing'ae kidogo tu.

Huamini? Pita Kenyatta Market, Nairobi, pale wasusi wamejaa, utazame kichwa kilichotoka kusukwa kikigeuka juani. Ukitaka picha, omba ruhusa kwanza.

Kwani ni nywele tu, si ndio? Hapana, buda. Mtoto akifungua gemu akapata staili kumi za nywele za kulala na afro moja ya plastiki, ameshaambiwa nani alifikiriwa na nani alisahaulika. Ndiyo maana A.M. Darke, msanii na profesa wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alianzisha Open Source Afro Hair Library, hifadhi ya modeli za nywele za watu weusi zilizochongwa na wasanii weusi.

Wewe anza na tuta moja. Lipake, kisha punguza picha hadi iwe ndogo vile itaonekana kwa gemu. Ikibaki inasomeka kama nywele, songa kwa tuta la pili. Ikisomeka kama kamba ya plastiki, punguza mng'ao, ujaribu tena.