Somo la moshi lifundishwe Mei

Kuanzia mwishoni mwa Mei, nyasi za Kasongo na Kabambare, nchini Kongo, hukauka, na usiku moto huonekana vilimani kando ya bonde la Luama. Huyu anasafisha shamba la mpunga, yule anawatoa wanyama porini ili wawindwe, mwingine anataka nyasi changa ziote. Asubuhi, kuanzia Lusangi hadi Kasongo mjini, weupe unaotanda mabondeni mara nyingi si ukungu mtupu. Moshi umo.

Setileti za NASA, Terra na Aqua, zimekuwa zikiandika mioto ya namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ramani zake zinatazamwa bure kwenye intaneti. Takriban thuluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka iko Afrika. Moshi wa misitu ya Kanada ulipoifunika New York mwezi Juni 2023, dunia nzima ilipata habari. Wa kwetu unarudi kila kiangazi na hauzungumzwi hata darasani.

Sababu moja ni kalenda. Mwaka wa shule Kongo huanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Julai. Moshi unapokolea madarasa ni matupu, na wanafunzi wa sekondari wako shambani na wazazi wao, pengine kiberiti kiko mikononi mwao.

Somo lianze na ukubwa wa chembe. Zinazodhuru zaidi zina upana usiofika mikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una kama mikromita 70. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni. Chembe hizi hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu, ndiyo maana moshi hudhuru hata moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Kisha mwalimu afunge madirisha, afukize ubani kidogo, awashe tochi. Mwale ambao haukuonekana utajichora hewani, kwa kuwa chembe hutawanya mwanga. Vifaa vya kupimia hewa vya AirQo, mradi ulioanzishwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, hutumia kanuni hiyo hiyo: feni ndogo huvuta hewa, mwanga wa leza huipita, na mwanga uliotawanyika hupimwa.

Swali gumu ni saa ya kuchoma, na hapa wanafunzi waachwe wabishane. Mchana ardhi ikishapata joto, hewa hupanda na kuuchukua moshi juu. Jioni ardhi hupoa, hewa ya baridi hulala chini, na moshi hubaki vijijini mpaka asubuhi. Lakini mchana huohuo ndipo upepo unapoweza kuutorosha moto hadi shamba la jirani. Nyasi zenye unyevu nazo haziwaki vizuri. Hufuka, na moshi wake hubeba chembe nyingi zaidi. Jibu moja la kufaa kila shamba halipo. Lililo wazi ni kwamba moto wa jioni, ukiachwa ufuke usiku kucha karibu na nyumba, ndio mbaya kwa mtoto mchanga na kwa mwenye pumu. Kitambaa kilicholoweshwa maji, ambacho wengi hujifunga puani, hakizuii chembe ndogo.

Likizo iwe na kazi ya daftari: kila mwanafunzi achague kilima ambacho umbali wake unajulikana, na saa nne kila asubuhi, ukungu ukishayeyuka, aandike kama kinaonekana na nani nyumbani anakohoa. Kasongo si mgeni katika kukusanya takwimu za afya. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika huko kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo.

Walimu wa biolojia, kemia na jiografia, pamoja na maprefe wa shule, wapange vipindi viwili vya moshi mwezi Mei, kabla mitihani haijameza ratiba, na Septemba madaftari yasomwe darasani.