Chungu kimoja cha watu wawili: hesabu ya chakula cha jioni Gitega na Muyinga

Wanandoa wanaoanza maisha huambiwa wabane matumizi ya chakula, na wengi huanza kubana pasipostahili. Wanapunguza ndagala (dagaa wa Ziwa Tanganyika), wanapunguza mafuta, wanaacha kununua parachichi. Wakati huohuo mbabula, jiko la makala (mkaa), inawaka asubuhi, mchana na jioni kwa ajili ya watu wawili tu, na gunia la makala linaisha kabla ya mwezi. Kwa mume na mke wa Gitega au Muyinga, Burundi, wanaokula maharage, ugali, ndizi na mboga, gharama iliyo rahisi kuliko zote kuipunguza ni ya moto. Ya pili ni ile inayopotea kwa kutojua kilo moja ya kitu fulani inabeba nini.

Bei za sokoni za wiki hii sitaziandika, kwa sababu zitakuwa zimebadilika kabla hujasoma. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi iliiachia faranga ishuke, na dola moja ikatoka faranga elfu mbili na ushei hadi karibu 2,800 kwa kiwango rasmi. Huko mitaani ilikuwa juu zaidi, na baadaye ikapanda tena. Ongeza uhaba wa mafuta ya gari, ambao hufanya gunia lilelile liwe na bei moja Jumatatu na nyingine Ijumaa. Kinachodumu ni uwiano wa chakula kwa chakula. Ukiujua, unaweza kusimama mbele ya muuzaji yeyote, mwaka wowote, ukapiga hesabu mwenyewe.

Tuanze na kinachoshibisha. Kilo moja ya unga, uwe wa mahindi au wa muhogo, ina nguvu ya mwili inayokaribia kilo nne za viazi vitamu. Kwa viazi mviringo utahitaji kama kilo nne na nusu hadi tano, na kwa ndizi za kupika zenye maganda yake, karibu kilo tano. Sababu ni maji: kiazi kibichi ni maji kwa sehemu kubwa, unga umekaushwa. Kwa hiyo ukikuta kilo ya viazi vitamu inauzwa chini ya robo ya bei ya kilo ya unga, chukua viazi. Ikizidi robo, unga una faida. Mchele uko sawa na unga kwa nguvu, kwa hiyo linganisha bei zao moja kwa moja. Mara nyingi mchele utashindwa, hata ule unaotoka karibu na Gitega, kwenye mabonde ya Karuzi.

Hapa ndipo miji hii miwili inapotofautiana. Muyinga iko kaskazini-mashariki, jirani na mpaka wa Kobero na Kabanga, na mahindi ya Tanzania huingia kupitia Ngara. Mpaka ukiwa shwari, unga wa mahindi hupatikana kwa urahisi. Ukisuasua, bei hupanda siku hiyohiyo. Ndizi na maharage hutoka kwenye vilima vya hukohuko na vya Kirundo. Gitega iko katikati ya nchi, na chakula chake kingi kinasafiri: viazi mviringo kutoka nyanda za juu za magharibi, mawese kutoka Rumonge, ndagala kutoka Ziwa Tanganyika. Tangu itangazwe mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa 2018, na Bunge kuthibitisha Januari 2019, imepokea wafanyakazi wengi wanaonunua kila kitu na wasiolima chochote. Ndiyo maana mke wa Muyinga mwenye migomba nyuma ya nyumba asijipime kwa matumizi ya dada yake aliyeko Gitega. Yule wa Gitega ana hesabu yake.

Unga wa muhogo na wa mahindi ni sawa kwa kushibisha, ila si sawa kwa kujenga mwili. Kilo ya unga wa mahindi ina gramu 80 hadi 90 za protini. Kilo ya unga wa muhogo haifiki hata 20. Pengo hilo linazibwa na kama gramu 120 za ndagala wakavu. Basi uliza bei tatu: mahindi, muhogo na ndagala. Kama muhogo ukijumlisha gramu 120 za ndagala bado ni nafuu kuliko mahindi, nunua muhogo na ndagala, na mtakula vizuri zaidi. Kama sivyo, songa ugali wa mahindi. Kuna nyumba nyingi ambazo zimechagua muhogo kwa sababu ni nafuu, kisha zikaacha ndagala kwa sababu ni ghali. Uamuzi huo unaumiza, hasa mke akiwa mjamzito.

Kwenye kitoweo, maharage ndiyo kipimo cha vyote. Kilo moja ya maharage makavu ina takribani gramu 220 za protini. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa inatoa kiasi hichohicho kwa kilo moja na kidogo. Yenye mfupa, inabidi uongeze. Ndagala wakavu wasio na mchanga wanatoa kiasi hicho kwa gramu 370 hivi. Mayai yanahitajika 35, kwa hiyo trei nzima ya mayai 30 haifikii kilo moja ya maharage. Ni kweli kwamba mwili hutumia protini ya nyama, samaki na mayai vizuri zaidi kuliko ya maharage peke yake, lakini maharage yakiliwa na ugali wa mahindi hukamilishana. Kanuni ya sokoni ni hii: ndagala wakiwa chini ya mara mbili na nusu ya bei ya maharage kwa kilo, wanunue bila kufikiri mara mbili. Wakifika mara nne, wafanye kiungo cha kuonjesha. Nao wana majira yao. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, na ziwa hilo ni la nchi nne. Anayenunua ndagala wa akiba, anunue kabla ya Mei. Muyinga hupata pia dagaa wa Ziwa Victoria. Hao wakague vizuri, kwa sababu waliokaushwa mchangani huuzwa pamoja na mchanga, na mchanga unapimwa kwa kilo kama samaki.

Parachichi moja la wastani lina mafuta kama ya kijiko kimoja na nusu cha chakula. Msimu wake ukifika, likatie juu ya maharage na mawese yapumzike.

Sasa moto, na hapa nitakaa kidogo. Mlo wa jioni wa watu wawili unahitaji gramu 250 za maharage makavu na gramu 400 za unga. Weka gramu 250 za maharage kwenye sufuria. Kesho weka gramu 500. Muda wa kuiva ni uleule, na makala yanayotumika yanakaribiana sana, kwa sababu moto unalipia saa za kuchemka zaidi kuliko uzito wa punje. Maana yake, anayepika maharage kila jioni analipa moto karibu mara mbili ya anayepika ya siku mbili kwa pamoja. Chemsha maharage matupu ya jioni mbili, gawa, na kila siku unga sehemu yake kwa kitunguu na nyanya. Yaliyobaki yachemshwe sawasawa kabla ya kulala na tena kesho yake, maana nyumba nyingi hazina friji. Usivuke siku mbili.

Kuna jambo ambalo watu wa nyanda za juu wanalijua kwa vitendo bila kuelezwa. Gitega iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Muyinga nayo ni ya milimani. Maharage yanayoiva upesi Bujumbura, kando ya ziwa, yatakuchelewesha huku, hata ukikoleza makala kiasi gani. Maji yakishafika hapo hayapandi tena. Makala ya ziada yanapotea kwa mvuke. Kwa sababu hiyo sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100, ina thamani kubwa zaidi Gitega kuliko Bujumbura. Wasioweza kuinunua waloweke maharage usiku kucha, saa 8 hadi 12, wamwage maji yale, kisha wachemshe maharage kwa nguvu angalau dakika 30 na kuifunika sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa au majani makavu ya migomba. Huendelea kuiva yenyewe bila kaa hata moja. Yakitoka magumu kidogo, rudisha motoni dakika chache. Kuchemsha kwa nguvu mwanzoni kusirukwe kamwe: maharage mekundu yasiyochemshwa vya kutosha yana sumu inayotapisha na kuharisha.

Maharage yenyewe huamua makala yatakayotumika. Burundi inavuna hasa mara mbili: Januari na Februari, kisha Juni na Julai, pamoja na mavuno madogo ya mabondeni wakati wa kiangazi. Bei hushuka wakati wa mavuno na kupanda watu wanapopanda mbegu, na mwenye akili ya nyumba hununua ya miezi kadhaa. Lakini maharage yaliyokaa mwaka mzima mahali penye joto na unyevu huwa magumu, na utalipa kwa makala ulichookoa kwa bei. Ukifika sokoni, usiangalie lundo kwa juu. Chota kiganjani kutoka chini. Punje mpya ina ngozi laini inayong'aa, na rangi yake iko hai. Ya zamani imefifia, na nyeupe zinaelekea kahawia. Tafuta tundu dogo la duara, alama ya kidudu kilichotoka. Muulize muuzaji kwa adabu, "Mama, haya ni ya msimu gani?" Akisita, nunua kidogo ukajaribu kwanza. Ya akiba yakaushe vizuri juani, uyajaze kwenye dumu safi la plastiki mpaka mdomoni, ukaze kifuniko. Vidudu vitakufa kwa kukosa hewa, bila dawa.

Nyumba nyingine zinaishi na vyungu viwili: mume ana kazi Gitega, mke amebaki Muyinga na shamba. Hapo moto ni mara mbili, kodi ni mara mbili, na mume asiyepika anaongeza sahani ya mgahawa kila mchana na jioni. Chukua bei ya sahani hiyo ujiulize inanunua maharage kiasi gani sokoni. Kila gramu 250 inayopatikana hapo ni kitoweo cha jioni nzima cha watu wawili. Wanaoishi hivyo wafanye angalau jambo moja: chakula kikavu kitoke Muyinga kwenda Gitega. Kilo 10 za maharage humtosha mtu mmoja jioni 80. Ndizi na viazi visisafirishwe, kwa sababu nauli itakuwa inalipia maji na maganda. Na ikiwa kuna njia yoyote ya kuishi pamoja, nyumba moja ndogo Gitega yenye chungu kimoja itashinda karibu kila mpango mwingine kwa gharama. Mgawanyo mpya wa 2025, uliopunguza mikoa hadi mitano na kuiweka Muyinga ndani ya Buhumuza, umezifanya familia nyingi za watumishi zifikirie upya wapi pa kukaa. Jiko liingie kwenye mazungumzo hayo.

Bia nayo iko kwenye hesabu hii, kwa sababu inatoka mfuko uleule. Chupa ya Primus ya sentilita 72 ina nguvu kama ya gramu 90 za unga na karibu hakuna protini. Wengi hawaiandiki kwenye matumizi ya nyumbani kwa kuwa inanunuliwa nje. Burundi ina wanaume waliojipanga kusema wazi juu ya hili, Abatangamuco, kundi lililoungwa mkono na shirika la CARE. Husimama mbele ya majirani zao na kueleza jinsi walivyokuwa wakiuza mavuno bila kumshirikisha mke, wakinywa fedha, wakimpiga, na jinsi walivyoacha. Nawaheshimu sana. Mwanamume anayekula nyumbani jioni, sahani moja na mkewe, anajua chumvi imeisha lini na makala yamebaki kiasi gani. Asiyekula nyumbani anaona tu fedha zinaombwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kwa hiyo, kwa wanandoa wapya wa Gitega wenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu cha jikoni mwaka huu, ushauri wangu ni sufuria ya presha, kabla ya vyombo vya wageni na kabla ya redio. Chagueni yenye mpira wa kifuniko unaopatikana madukani hapo mjini, maana mpira huisha mapema. Wa Muyinga wenye kuni na ndizi zao wenyewe wanunue kwanza madumu mawili yenye vifuniko vizima, na wayajaze maharage mapya Julai.