Maji Yanayokinga Viazi na Baridi

Mkulima wa viazi wa Makete au Njombe anaijua sakitu, yaani umande ulioganda. Usiku mmoja tu, na asubuhi majani yote yameungua. Wako wakulima wengine wenye shida hiyo. Wanakaa kando ya ziwa Titicaca, Amerika ya Kusini.

Ziwa hili liko katika milima ya Andes, kati ya Peru na Bolivia. Liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji ni Waaymara na Waquechua. Baridi ya huko ni kali, lakini viazi mviringo asili yake ni milima hiyo hiyo. Wazee wao waliwezaje kuvilima?

Walitumia maji. Katika tambarare za kando ya ziwa walichimba mifereji. Udongo wake waliujaza katikati, yakawa matuta mapana. Si matuta kama yetu. Tuta moja lina upana wa mita 4 hadi 10, na urefu wake huweza kufika mita 100. Waquechua huyaita waru waru. Mchana jua hupasha moto maji ya mfereji. Usiku maji hupoa polepole, na joto lake huikinga mimea. Tope la mfereji hupandishwa juu ya tuta, likawa mbolea.

Kazi hii ilianza miaka 3,000 hivi iliyopita. Baadaye mashamba mengi yaliachwa. Mwaka 1981 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Clark Erickson, alianza kuyafufua pamoja na wakulima wa Huatta, nchini Peru. Walivuna tani 8 hadi 14 za viazi kwa hekta. Wastani wa eneo lile ulikuwa tani 1 hadi 4.

Mashirika nayo yakaja, yakawalipa watu wachimbe. Malipo yalipokwisha, mashamba mengi yaliachwa tena. Sisi mabwana shamba tulisikie hilo! Kuchimba mifereji na kuzoa tope ni kazi ya mikono mingi.

Sakitu yenyewe nayo ina kazi. Mwezi Juni, baada ya mavuno, viazi hutandazwa nje usiku vigande. Mchana huyeyuka kwa jua. Watu huvikanyaga kwa miguu kukamua maji, kisha huvianika. Viazi hivyo vikavu huitwa chuño, na hukaa ghalani kwa miaka. Mama akitaka kuvipika, huviloweka usiku kucha.