Mbio za Mchujo: Tuliyoyaona SkyDome Mwaka 1993

Kamati ya kitabu chetu imeniagiza niandike habari za riadha, kwani kila mwaka kurasa hizi hujaa harusi, mahafali na tanzia, na vijana wananung'unika kwamba hawakumbukwi. Nimekubali kwa furaha. Nimechagua jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka, yaani mbio za mchujo, na hasa zile za mita 800 zilizokimbiwa hapa hapa Toronto.

Waliotangulia kufika Kanada watakumbuka mwaka 1976. Tulingoja Olimpiki ya Montreal kwa hamu kubwa. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa muda wa 3:32.2. Mike Boit wa Kenya alikuwa amepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972. Lakini nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile, kwa kuwa New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Sababu ilikuwa ya haki, wala hatukuinung'unikia. Hata hivyo tulijifunza kwamba kusimama tu kwenye mstari wa mchujo ni heshima ambayo mtu anaweza kuikosa.

Ndiyo maana mwezi Machi 1993 nyumba zetu zilichangamka. Mashindano ya Dunia ya riadha ya ndani ya ukumbi yalifanyika SkyDome, kuanzia Ijumaa tarehe 12 hadi Jumapili tarehe 14. Uwanja huo, ambao tangu mwaka 2005 unaitwa Rogers Centre, ulifunguliwa mwaka 1989 chini ya mnara wa CN, na paa lake hufunguka na kufungwa. Ulijengwa hasa kwa ajili ya besiboli na mpira wa Kikanada. Nilikwenda na vijana wa nyumbani, tukaketi juu kabisa, na wakimbiaji wakaonekana wadogo kama punje za mtama.

Kwa wasiojua, mchujo huenda hivi. Wakimbiaji ni wengi kuliko nafasi za fainali, kwa hiyo hugawanywa katika makundi. Wa kwanza wachache wa kila kundi hupita moja kwa moja, na karatasi ya matokeo huwaandikia herufi Q kubwa. Nafasi chache zinazobaki hupewa wenye muda mzuri kuliko wenzao wote waliosalia, nao huandikiwa q ndogo. Wengine hufunga mizigo. Basi mwenye akili hakimbii mchujo ili awavunje watu. Hukimbia apite, huku akiweka akiba ya nguvu kwa ajili ya raundi zinazofuata.

Ndani ya ukumbi kazi ni ngumu zaidi. Uwanja wa nje una mzunguko wa mita 400, na mita 800 ni mizunguko miwili. Wa ndani una mita 200, kwa hiyo ni mizunguko minne yenye kona nane, nazo zimeinuliwa upande wa nje kama ubavu wa karai. Mwanzoni kila mmoja hukaa katika njia yake, kisha wote huruhusiwa kuingia ndani, na hapo viwiko huanza kusema. Anayekimbia mita moja nje ya mwenzake huongeza zaidi ya mita 3 kwa kila kona. Akifanya hivyo kona zote nane, amejibebesha zaidi ya mita 24 za bure. Anayebana ndani naye anaweza kuzibwa mbele na ubavuni, asipate pa kutokea. Kuchagua kati ya hasara hizo mbili, tena kwa sekunde moja, ndiyo elimu yenyewe ya mbio hizi.

Aliyetufurahisha kuliko wote ni Charles Nkazamyampi wa Burundi. Wako jamaa miongoni mwetu wenye asili ya Bujumbura, waliokulia Buyenzi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaa, na kwao jina lile lilikuwa habari kubwa. Nchi yake ilikuwa haijawahi kushiriki Olimpiki hata mara moja. Alipita mchujo, akafika fainali, akawa wa pili kwa 1:47.62, nyuma ya Tom McKean wa Uingereza aliyeshinda kwa 1:47.29. Miezi saba baadaye Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaingia Burundi, na simu za usiku zikaanza kuleta habari nyingine kabisa. Nchi hiyo ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza Atlanta mwaka 1996, na Vénuste Niyongabo akaipatia dhahabu ya mita 5000.

Kwa upande wa wanawake, Maria Mutola wa Msumbiji, binti wa miaka 20 aliyeanzia kwenye kandanda Maputo, alishinda mita 800 kwa 1:57.55. Hilo lilikuwa taji lake la kwanza la dunia la ndani, na hatimaye alifikisha saba.

Utazame pia muda wa McKean. Rekodi ya dunia ya ndani wakati huo ilikuwa ya Mkenya Paul Ereng, 1:44.84, aliyoiweka Budapest mwaka 1989. Bingwa wa Toronto alikuwa nyuma ya rekodi kwa zaidi ya sekunde mbili, na bado dhahabu ni yake. Katika mashindano ya raundi nyingi, nguvu huliwa kwa kipimo.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika ukoo wetu. Binti mmoja wa sekondari alikimbia mita 800 katika mashindano ya shule, akawa wa tatu katika kundi lake, akapita kwa q ndogo. Jioni mjomba wake akamwuliza mezani, "Namba ngapi?"

"Ya tatu, mjomba."

"Kumbe umeshindwa."

Binti akainama, akala kimya, kisha akasema kesho haendi. Bibi yake ndiye aliyeuliza, "Kwani kesho umeitwa tena?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi anayeitwa tena ameshindwa vipi?"

Alikwenda. Katika fainali alikuwa wa sita, na mjomba alikuwa jukwaani akipiga kelele kuliko wote.

Ndugu zangu, wengi wetu tulikuja nchi hii tukaanza kwa kazi za usiku na vyeti visivyotambuliwa, na hakuna aliyetuuliza tumeshika namba ngapi. Tulikuwa tunatafuta kupita tu. Tusiwasahaulishe watoto wetu hilo. Mtoto akirudi kutoka mchujoni, swali la kwanza liwe, "Umepita?" Asipopita, aulizwe amejifunza nini kwenye kona, kisha apewe chakula chake.

Na mkienda kuwatazama, msingoje fainali. Nendeni asubuhi na mapema, wakati viti vingi ni vitupu na mtoto anaweza kuisikia sauti ya mama yake.