Sumu Iliyojificha Ndani ya Masizi

Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu maradhi yaliyowaandama wasafisha dohani. Wakiwa watoto, watu hao walipenyezwa ndani ya dohani nyembamba ili kukwangua masizi. Miaka mingi baadaye, tayari watu wazima, walitokwa na kidonda kwenye mfuko wa korodani, na mara nyingi wakatibiwa kama wenye ugonjwa wa zinaa. Pott alipinga. Alisema ni saratani, na chanzo chake ni masizi yaliyoganda kwenye mikunjo ya ngozi.

Lakini ni kitu gani hasa ndani ya masizi? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 150. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa, walitangaza kwamba wameotesha saratani kwenye masikio ya sungura kwa kuyapaka lami ya makaa ya mawe kwa miezi mingi. Mwaka 1933 James Cook na wenzake wa London wakachambua tani mbili za lami hiyo, wakapata gramu chache za fuwele za manjano. Zilikuwa benzopairini.

Kemikali hii huzaliwa popote kitu chenye kaboni kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha: kuni mbichi, makaa ya mawe, dizeli, tumbaku, hata mafuta ya nyama yanayodondokea mkaa. Kaboni isiyoteketea hujipanga upya kuwa pete tano zilizoungana, kisha hupanda na moshi ikiwa imeng'ang'ania chembe za masizi.

Ikishafika mapafuni, mwili wenyewe ndio unaoinoa makali. Vimeng'enya huigeuza ili iyeyuke kwenye maji na kutolewa nje, lakini njiani huzaliwa kemikali nyingine inayojibandika kwenye DNA. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba inapojibandika kwenye jeni la p53, linalozuia seli kugawanyika ovyo, huchagua sehemu zilezile ambazo mara nyingi hukutwa zimeharibika kwenye saratani ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka benzopairini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Ushahidi mzito zaidi wa madhara ya moshi wa majumbani umetoka Xuanwei, wilaya ya milimani katika jimbo la Yunnan, China. Miaka ya 1970 wanawake wa huko walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa nchini humo, ingawa karibu wote hawakuvuta sigara. Walipika ndani ya nyumba, kwenye mashimo ya moto yasiyo na dohani, wakitumia makaa ya mawe yenye moshi mwingi. Vijiji jirani vilivyotumia kuni au makaa yasiyo na moshi vilikuwa na wagonjwa wachache mno.

Kaya nyingi zikaanza kujenga majiko yenye dohani. Watafiti waliwafuatilia wakulima zaidi ya 21,000, na mwaka 2002 wakatoa matokeo: waliobadili majiko walikuwa na hatari ndogo ya kupata saratani ya mapafu, kwa asilimia 41 kwa wanaume na 46 kwa wanawake. Nafuu hiyo ilionekana baada ya takriban miaka kumi, na makaa yalikuwa yaleyale.

Afrika Mashariki wapishi wengi hutumia kuni na mkaa. IARC inauhesabu moshi wa kuni wa majumbani kuwa yaelekea unasababisha saratani, ngazi moja chini ya ule wa makaa ya mawe. Juu ya hayo, moshi huo huharibu moyo na mapafu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Mkakati wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo linalostahili kuungwa mkono kwa nguvu zote. Lakini mama anayepika kwa mafiga leo hapaswi kuachwa kwenye moshi hadi gesi imfikie. Dohani, kuni zilizokauka vizuri na dirisha upande wa jiko viingizwe kwenye mipango hiyohiyo na kutengewa bajeti sasa.