Meno yetu na karamu ya Noeli

Noeli yakaribia. Akina mama wamekwisha kuhesabu kuku watakaochinjwa, akina baba wameulizia bei ya mbuzi sokoni, nao watoto wanahesabu siku. Baada ya Misa nyumba zitajaa wageni: bukari na wali, sombe, nyama, samaki, mikate ya mafuta, na limonadi kwa wadogo. Hatuandiki haya ili kumnyima mtu furaha hiyo. Lakini sisi waalimu twaona kila mwaka, masomo yanapoanza tena mwezi wa Januari, watoto wanaoketi darasani wameshika shavu, macho yamejaa machozi, wala hesabu haziwaingii. Ndiyo maana twapenda kusema nanyi leo, wazazi na wanafunzi, juu ya meno.

Watu husema kwamba sukari huozesha meno. Maneno hayo ni ya kweli, ila hayaelezi yote. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoshikamana na meno kama utando mwembamba. Navyo vyala sukari tunayokula sisi, na vikiisha kula hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha kidogo kidogo madini ya gamba la nje la jino, ijapokuwa gamba hilo ndilo kitu kigumu kupita vyote mwilini. Hapo mate huja kulisaidia jino: huiosha ile asidi na kurudisha madini yaliyotoka. Lakini kazi hiyo yataka muda, yapata nusu saa, pengine saa nzima. Anayekula akashiba, kisha akakipumzisha kinywa, mate yake hushinda. Bali anayemumunya bonboni asubuhi, akanywa limonadi baadaye kidogo, akaonja keki kwa jirani, akarudia bonboni, jino lake halipati nafasi ya kupona mchana kutwa.

Jambo hilo lilionekana wazi huko Uswidi. Tangu miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, waganga waliwapa wagonjwa sukari kwa namna mbalimbali: wengine pamoja na chakula, wengine bonboni za kunata kati ya chakula na chakula. Matokeo yalitangazwa mwaka 1954. Waliopewa sukari pamoja na chakula, hata ikiwa nyingi, meno yao yaliharibika kidogo tu. Waliopewa bonboni za kunata mara kwa mara, yaliharibika vibaya sana. Hatuna budi kusema pia kwamba wagonjwa wale walikuwa watu wenye upungufu wa akili, wala hakuna aliyewaomba ruhusa. Elimu hiyo ilinunuliwa kwa meno ya watu wasioweza kukataa.

Basi, siku ya Noeli, vitu vitamu na viliwe mezani, pamoja na chakula au mara baada yake, kisha viondolewe. Chupa ya limonadi ya sentilita 33 mara nyingi ina sukari gramu 35 hivi, yaani vijiko saba au nane vya chai. Mtoto anayezunguka na chupa yake nyumba hata nyumba, akinywa funda moja moja, hujidhuru kuliko yule aliyeimaliza pamoja na wali wake. Akiona kiu tena, apewe maji. Nyama, samaki, sombe na karanga hazina neno. Na muwa je? Wengine husema kwamba nyuzi zake husafisha meno. Nyuzi ni kweli anazo, lakini maji yake ni sukari. Naye utafunwe baada ya chakula, si tangu asubuhi hata jioni.

Wala tusiwasahau wakubwa. Yuko baba ambaye, akitaka wageni wamstaajabie, hufungua chupa ya bia kwa meno. Wageni hucheka, chupa hufunguka, na siku moja jino hupasuka. Mfupa wa mbuzi nao hautofautishi kati ya mbwa na mwenye nyumba.

Usiku wa sikukuu watu hulala wamechoka, na watoto hubebwa kitandani wangali na utamu mdomoni. Huo ndio usiku wa hatari, kwa maana mate hupungua sana usingizini. Hata ikiwa saa sita imepita, mtoto na asafishwe meno kwa mswaki na dawa. Tazameni juu ya dawa mnayonunua kama pameandikwa «fluor», na hesabu kati ya 1000 na 1500 ppm; madini hayo hulitia nguvu gamba la jino. Kwa mtoto asiyetimiza miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele chatosha. Toka mitatu hata sita, kiasi cha njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, maana ataiondoa dawa ingali kazini. Aliyekunywa limonadi angoje kwanza nusu saa au zaidi, gamba lipate kukaza tena. Majivu na mchanga hukwaruza meno, viacheni.

Jambo moja wazazi wengi hawalijui. Mtoto apatapo miaka sita hivi, jino kubwa huota nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka mbele yake. Mama hudhani ni jino la maziwa, litakalobadilishwa. Sivyo. Jino hilo ni la maisha. Likiharibika akiwa na miaka minane, hakuna jingine litakaloota mahali pake. Lipigeni mswaki kwa uangalifu kuliko mengine, maana liko mbali na mkono wa mtoto.

Na jino likianza kuuma, msilibandike aspirini juu ya ufizi, kwani huunguza nyama. Mtoto apelekwe kwa mganga mapema, tundu lingali dogo. Lakini shavu au shingo ikivimba, pamoja na homa, naye akashindwa kufumbua kinywa, kumeza au kupumua vema, usaha waweza kuenea na kumwua. Huyo asingojee sikukuu iishe. Apelekwe hospitali usiku huo huo.